Kuku wa Kukombolea Kiko

Mie sisimulii habari za kuambiwa. Wengine wakitaka kukutisha utasikia, "shemeji ya jirani yangu aliona." Mie, huyu aliyepatwa ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, tumelala kitanda kimoja Mwananyamala miaka minne, na mdomo uliomponza ni huu huu wangu. Shule niliiacha darasa la tano, lakini kwa maneno hata mwalimu mkuu alikuwa ananikwepa. Kwa hiyo tulia. Na kama una mazoea ya kusoma peke yako chumbani, hamia barazani kwenye watu.

Kaka yangu anaitwa Romani. Mmakonde wa Newala kama mie, ila yeye alipitia misheni, mapadri wakamfundisha tarumbeta. Nikisema alijua kupuliza, sikutanii. Alikuwa anashika sauti moja ya juu, mie nahesabu mpaka ishirini na tano, kuku wa jirani wananyamaza kumsikiliza.

Mwaka ule wa sabini na sita walikuwa wanasakwa watu wasio na kazi mjini. Ukikutwa huna kitambulisho cha kazi unapakiwa kwenye lori, ukishtuka uko kijijini unapalilia. Mie nilikuwa na kibarua changu, kubeba ngozi machinjioni Vingunguti. Romani alikuwa na tarumbeta tu, na barua ya bendi ya kiwanda kimoja cha nguo: aende Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, wamsikilize. Akipita, ana kazi. Asipopita, lori.

Shida ikawa moja. Romani bila bangi mikono inamtetemeka, na bangi yenyewe alivuta ya msokoto wa gazeti, moshi na wino wake humo humo. Kikohozi kikamshika. Ile ishirini na tano ikashuka, ikawa kumi na nane.

"Braza," nikamwambia, "unavuta kama mlinzi wa godauni. Wazee wanatumia kiko cha maji. Moshi unaoga kwanza, ndipo unaingia kifuani."

"Wewe unakijua kiko?"

"Nisichokijua mie hakijazaliwa."

Tukahangaika siku tatu. Kiko cha kibuyu kilivuja shingoni. Tukajaribu cha chupa ya bia, kikapasuka kwa moto. Kingine kilikuwa cha kifuu cha nazi, kipya, maji yakanuka mafuta ya nazi mpaka Romani akauliza kama tunapika wali. Nikamfundisha: kiko hakichaguliwi kwa macho, kinachaguliwa kwa sikio. Tia maji nusu, vuta kabla hujaweka moto. Kikipiga mluzi kina ufa, achana nacho. Kikikoroma chini kwa chini kama mtu aliyeshiba, hicho ndicho.

Kiko cha namna hiyo nilikijua kimoja tu, cha Mzee Mwishehe wa Tabata. Kifuu cheusi kama sufuria ya msibani, kimezungushiwa waya wa shaba, mrija wa mwanzi, na juu kijungu cha udongo cha kuwekea moto. Alikuwa amekivuta miaka arobaini. Mwishoni pumu ikamkamata, akawa anahema kama mtu anayenyonya hewa kwa tundu la sindano. Wakampeleka hospitali. Siku ya kumi, Alhamisi, akafa.

Ijumaa tukaenda kuzika. Usinitazame hivyo. Nilikwenda kuzika kweli. Kiko nilikiona baadaye, kimetundikwa ukutani uani.

Mzee Mwishehe alikuwa Mzaramo, na watani wa Wazaramo ni Wanyamwezi. Mtani msibani ana ruhusa zake. Atalala njiani jeneza lisipite, atasema marehemu anajifanya, atakwapua kitu cha marehemu, na hakuna wa kukasirika. Wafiwa watamletea kuku, kitu chao kitarudi, watu watacheka, msiba utakuwa mwepesi. Siku ile Wanyamwezi wawili watatu walikuwapo, wanafanya vituko vyao. Mie ni nani nisipate wazo?

Nikaruka, nikakitungua kiko.

"Jamani! Mie mtani wenu, Mnyamwezi wa Tabora! Mzee huko aendako hakuna kiberiti, hiki cha nini?"

Uani wakacheka mpaka waliokuwa wanalia. Romani akajifunika uso kwa mkono.

Dada wa marehemu, Bi Mwanabaraka, hakucheka. "Mtani wa kwa nani wewe?"

"Wa kwa baba yangu!"

"Haya. Ngoja nikukomboe. Kitu cha maiti hakitoki hapa hakijakombolewa."

Akaenda bandani kukamata kuku. Aliporudi naye, sie tulishavuka reli.

Njiani nikakitikisa kile kiko. Maji yalikuwamo bado. Nikatia kidole.

Siku kumi mwenyewe alikuwa hospitali. Siku kumi hakuna aliyekivuta. Na maji yalikuwa ya moto.

Jumamosi mchana tukakiwasha. Romani akavuta mara ya kwanza, hakukohoa. Mara ya pili, hakukohoa. Akachukua tarumbeta akapuliza, nikahesabu mpaka ishirini na tisa. Nikaruka juu ya kitanda kama mwehu. "Nilikwambia! Nani mjanja Mwananyamala hii?"

Akashusha tarumbeta. Tukasikia.

Koro. Koro. Koro.

Kiko kilikuwa sakafuni. Hakuna aliyekigusa. Moto kijunguni ulikolea, ukafifia. Ukakolea tena. Mrija ulikuwa umeelekea kwenye kigoda cha pembeni.

Kigodani hapakuwa na mtu.

"Ni upepo," nikasema. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Ungekuwa wewe ungekitupa, najua, nyie wote hodari mkishasikia mwisho. Sie hatukukitupa. Romani alikuwa ameonja ile ishirini na tisa, anaitaka tena. Jumapili akavuta, akapuliza: kumi na tisa. Jumatatu: kumi na mbili. Akadhani hajavuta ya kutosha, akaongeza. Jumatano akafika sita, midomo imekuwa ya kijivu, mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbia. Na kiko, kila akikiweka chini, kinaendelea kukoroma. Kwa kirefu zaidi. Kimeshiba zaidi. Nilimwaga maji yake nje mara mbili. Asubuhi nakuta yamejaa mpaka mdomoni.

Alhamisi jioni Balozi Shomari, yule wa nyumba kumi, akapiga hodi. Daftari kwapani.

"Leonardi, wewe mdomo mrefu, sheria huijui? Mgeni akilala kwako anaandikishwa."

"Shikamoo balozi. Mgeni gani?"

"Marahaba. Huyu mzee. Ana wiki hapa. Kila nikipita yuko dirishani kwenu, kofia nyeupe, anahema. Namsalimia, haitiki." Akashusha sauti. "Mpelekeni hospitali. Ana pumu mbaya."

Nyuma yangu Romani alitaka kusema kitu. Pumzi haikutosha neno.

Ijumaa nikamkokota Tabata. Kila nguzo ya umeme tulisimama, apumzike. Kiko nimekizungushia kanga, na ndani ya kanga kinaunguruma polepole. Bi Mwanabaraka alikuwa uani anachambua mchele. Pembeni yake vijana wanne wa ukoo wanapasua kuni, kila mmoja na shoka lake. Na kuku yule yule, mweupe, amefungwa miguu mlangoni pa banda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umerudi, mtani." Hakuinua uso. "Kuku wako nimemweka. Wiki nzima hajala."

Nikafungua kanga. Akakitazama kiko. Kisha akamtazama Romani, muda mrefu.

"Niambieni kweli," akanong'ona. "Nyie ni watani zetu?"

Vijana wakaacha kupasua kuni.

Romani akanishika shati. Alinivuta mara mbili, kwa nguvu. Nilijua anachotaka. Anataka niseme: hapana bibi, sie Wamakonde wa Newala, tulikiiba. Lakini yale mashoka mie niliyaona, yeye hakuyaona. Mwizi wa kitu cha maiti, Dar es Salaam hii? Wangetubakiza nini?

"Bibi, kwani utani unaulizwa mara mbili?"

"Unaulizwa. Maana mtani anachukua, naye anachukuliwa. Ukiwa mwizi, ninakipokea kitu changu, nakuchapa, yanaishia hapa. Ukiwa mtani, na ndugu yangu naye ni mtani wako. Ana haki." Akalaza ungo chini. "Nauliza mara ya mwisho."

Romani akanivuta tena. Safari hii kidogo.

"Watani, bibi. Wa Tabora."

Akanipa kuku. Akachukua kiko, akamwaga maji pale pale chini. Nakwambia yalimwagika. Kifuu kinaingia ngumi moja tu, lakini maji yalitoka, yakatoka, yakapita chini ya kuni, yakafika miguuni kwa Romani, yakasimama.

Kiko kikanyamaza kimya.

"Mtani akipokea kuku, kitu kinarudi," Bi Mwanabaraka akasema. "Akimkataa, kitu ni chake. Nendeni."

Njiani mie naimba. Nimemshinda mama wa watu, nimetoka na kitoweo! Kuku nikamchinja jioni ile, nikamla. Romani hakugusa. Alikaa kitandani amekumbatia tarumbeta.

Jumamosi, saa nne, bendi nzima imekaa kwenye viti. Romani akasimama mbele yao, shati jeupe nililompigia pasi mie mwenyewe. Akaweka tarumbeta mdomoni. Mashavu yakajaa. Macho yakatoka.

Koro. Koro. Koro.

Wale wapigaji wakacheka, wakadhani ni mate. Akajaribu tena. Kikatoka kikohozi. Si cha Romani. Kikohozi cha mzee, kirefu, chenye makohozi, kilitoka kwenye mdomo mpana wa tarumbeta huku midomo ya Romani imefumba.

Hakuna aliyecheka tena. Mwenye bendi akasema, "Mwingine."

Jumanne msako ukapita kwetu. Romani hakukimbia. Angekimbia kwa pumzi gani? Nilimwona nyuma ya lori, amekaa chini, kichwa katikati ya magoti. Tarumbeta aliniachia. Angenitukana ningeshukuru.

Mwezi ukapita. Mchana mmoja natoka machinjioni, Balozi Shomari akanisimamisha.

"Ndugu yako kaachiwa lini?"

"Hajaachiwa, balozi. Yuko Rufiji."

"Basi saa saba mchana nani anapuliza humo ndani? Leo ameshika sauti moja, nimekunywa chai nimemaliza, bado anayo." Akatikisa kichwa. "Huyo hapumui."

Chumba nilikifunga kwa kufuli. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni. Nikafungua. Tarumbeta msumarini, kama nilivyoiacha. Nikagusa pale pa kuwekea midomo. Pameloa. Pana joto. Chini yake kidimbwi kidogo cha maji meusi, harufu ya moshi na shaba. Kigoda kilikuwa kimesogezwa katikati ya chumba.

Mie mjanja, nikafikiri: kama mzee amechukua pumzi kwa utani, na ikombolewe kwa kuku. Pumzi ya kaka yangu irudi, hata kama ataipulizia filimbi ya kuchungia mbuzi. Ijumaa iliyofuata nikanunua kuku mweupe. Nikamfunga miguu kwa kamba ya katani, nikamweka mbele ya kigoda. Nikapiga magoti, mie huyu, nikasema, "Mzee Mwishehe, shikamoo. Sie si watani. Tulikuwa wezi. Pokea kuku." Nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikatia kufuli, nikaenda kazini.

Niliporudi kufuli lilikuwa limefungwa. Dirisha limefungwa. Kuku alikuwa nje, kizingitini, mzima, ananitazama.

Kamba ya katani haikuwapo. Miguu yake ilikuwa imefungwa upya, vizuri, kwa waya wa shaba.