Mkondo Ulioingia Keshero

Maji ya beseni yalikuwa yamelala upande mmoja. Olive alikuwa akiosha sahani uani kwake, mtaa wa Keshero, saa nane mchana, jua likiwaka, alipoona yamepanda ukingo wa upande wa ziwa na kuuacha ukingo wa pili karibu mkavu. Mafundi wa Goma hujenga juu ya mawe ya volkano, na wengi wao sakafu iliyonyooka wameisikia tu kwa watu, kwa hiyo alimlaumu fundi. Akaligeuza beseni. Maji yakajivuta taratibu, yakarudi kulalia upande ule ule. Kisha akasikia harufu ya chumvi, harufu ambayo Ziwa Kivu halijawahi kuwa nayo.

Chumbani, kitanda kikakwaruza sakafu.

Alimkuta mume wake, Murhula, amelala fofofo huku anateleza. Chandarua kilikuwa kimenyooka kuelekea ziwani, na nje hata jani la mgomba halikutikisika. Miguu ya Murhula ilikuwa imeshatoka kitandani, inaelea hewani. Olive alimrukia, akamkumbatia kiunoni kwa nguvu zote.

"Papa Joyeuse! Amuka!" alimwita kwa jina la binti yao, aliyekuwa kwa bibi yake.

Murhula alifumbua macho. Hakushangaa, na hilo ndilo lililomtisha Olive zaidi.

"Imefika," alisema kwa sauti ya chini. "Nilizani itabakia kule."

Kule ni Pemba, alikokaa miaka minne akiongoza watalii kuzamia kwenye matumbawe. Ni kazi ya ajabu kidogo: mzamiaji haogelei. Anaruka kutoka kwenye boti, mkondo unamchukua na kumpitisha mbele ya mwamba, naye ameshika mkononi kamba yenye boya juu. Boti inalifuata boya mpaka aibuke mbali huko. Wiki tatu tangu arudi, Murhula alikuwa amewachosha majirani kwa kuwasimulia sheria zake mbili. Mwamba haushikwi. Na kamba hushikwa kwa mkono tu, haifungwi popote, kwa sababu ikifungwa mkondo unamlaza mtu chini na kumshindilia maji mpaka afe.

"Siku ya mwisho nilishika," alimwambia mke wake. "Kapiteni aliniambiaka kama ile fasi, pale kwa mwamba, iko na mwenyewe, mutu anapita tu. Lakini mukondo ilikuwa kali, nikaogopa, nikashika mwamba. Na kitu ikanishika mukono."

"Kitu gani?"

"Sikuiona. Ilikuwa na vidole."

"Sasa inataka nini hapa kwetu?"

"Inataka nimalize kupita."

Baada ya saa moja mkondo ulikatika wenyewe. Kesho yake ulirudi, umechelewa dakika hamsini, kama bahari inavyochelewa kujaa. Siku ya tatu ulisukuma meza. Siku ya nne sahani zilitambaa kabatini, na sauti ikasikika chini ya sakafu, mguno mrefu wa maji yanayopita kwenye pango. Jirani aliyeingia kuomba chumvi alitoka bila kuona chochote. Olive alikuwa amemngoja Murhula miaka minne. Aliogopa, ndiyo, lakini zaidi ya woga alikuwa na hasira: ziwa halitampata.

Siku ya tano alimwita mama Munezero, kiongozi wa kikundi cha maombi cha mtaa. Alifika na wanawake wawili, rozari, chupa ya maji ya baraka na kamba ya mbuzi.

"Pepo anataka ziwa," mama Munezero alisema. "Asifike. Tunamufunga kwa nguzo, tunaomba mpaka imuache."

Murhula alimshika Olive mkono. "Mama Joyeuse, usinifunge. Shika kamba na mukono yako, unifuate tu. Ikinipeleka kwa ziwa, panda pirogi, piga kasia, fuata. Nitatokea fasi ingine, muzima."

"Usimusikilize," mama Munezero alinong'ona. "Uyu hapana bwana yako. Ni pepo anasema na kinywa yake."

Olive alimtazama machoni. Yalikuwa macho ya Murhula, lakini pepo naye angetumia macho gani mengine? Akapiga fundo la kwanza kiunoni mwake, akapiga la pili kwenye nguzo.

Mkondo ulikuja saa kumi na moja na dakika ishirini, jua bado lipo, na safari hii haukusukuma sahani wala meza bali ulimchukua Murhula peke yake, ukamwinua sakafuni, ukamnyoosha mlalo kuelekea mlangoni huku kamba ikilia na nguzo ikitoa vumbi, na mashavu yake yakapepea na nywele zikalala nyuma, na wanawake wakapaza wimbo ili wasimsikie, na katikati ya wimbo Olive alimsikia, kwanza kwa sauti yake kamili, halafu kwa sauti inayokatikakatika, halafu kwa mapovu, akisema neno moja tu, mukono, mukono, shika na mukono, naye Olive akaziba masikio, akafumba macho, akaomba kwa jina la Yesu, akaomba kwa jina la Maria, mpaka akasikia kitu kizito kimeanguka.

Kamba ilikuwa imelegea. Sauti chini ya sakafu ilikuwa imenyamaza.

"Imetoka!" mama Munezero alipiga kelele. "Asante Yesu, imetoka!"

Wanawake walipiga vigelegele na kukumbatiana. Olive alipiga magoti, akamgeuza mume wake ubavu. Maji yalimtoka mdomoni na puani, mengi, safi, ya baridi, yakaendelea kutoka muda mrefu. Kifua hakikupanda.

"Alikuwa yeye," Olive alisema. "Mama Munezero, ni yeye alikuwa anasema."

Lakini vigelegele vilikuwa vingi, na hakuna aliyemsikia.