Uso wa Msonobari

Mti ulikuwa umegeuka. Hilo ndilo lililotangulia, na Fusae akalipuuza.

Na mti wa bonsai, ule unaolelewa mdogo chunguni, una uso, jamani. Kwa watu wa Omiya, huko Japani, hilo halina ubishi: upande mmoja hutazama wageni, mwingine ni kisogo, na ukiuweka kinyume utachekwa mtaa mzima. Jioni Fusae aliuacha msonobari wa baba yake ukitazama njia ya bustani. Asubuhi aliukuta unatazama dirisha la chumba cha baba.

"Baba, umetoka kuugeuza mti?"

"Kwa miguu ipi, mwanangu? Hii inayoshindwa kunifikisha chooni?" Mzee Genzo alicheka, kisha akakohoa. "Hebu nipe maji."

Msonobari ule ndio uliokuwa roho ya mzee. Babu yake aliukunja kwa waya, baba yake akaupogoa, yeye akazeeka nao. Alitamani auone ndani ya chungu cha Kichina kabla hajafa, na masika hayo, siku chache kabla mti haujageuka, Fusae alikuwa amekipata kwa muuza vitu vya kale: chungu chekundu, kisicho na rangi ya kung'aa, kilicholainika kwa mikono ya watu waliokwisha kufa. Ndani kilikuwa bado na udongo, nao ulikuwa mweupe.

Mtu mwingine angeumwaga. Fusae alifurahi kama aliyeokota lulu, maana walezi wa misonobari wanajua kwamba weupe ule ni kuvu inayolisha mizizi, nao hautupwi. Aliuchanganya na udongo mpya, akaupanda mti humo. Uliobaki akaugawia vyungu vya misonobari mingine yote ya bustani, kiganja kimoja kimoja, kama baba alivyomfundisha.

Basi mti wa mzee ukaingiwa na kiu. Fusae alimwagilia, na kabla hajatua ndoo udongo ulikuwa umekauka kau. Akiinama, alisikia kitu kikinywa mle ndani, polepole, kama mtoto anayenyonya, na harufu ya nywele zilizoungua ikampanda puani, ikamfuata hadi jikoni, ikakaa kwenye wali na kwenye chai, na kadiri mti ulivyokunywa ndivyo baba alivyokauka, midomo ikimpasuka, ngozi ikimganda mifupani, huku akinywa birika zima na kuomba jingine, na kila asubuhi uso wa mti umerudi palepale dirishani hata kama Fusae aliufunga kwa waya.

Aliogopa. Akamwita Ekai, mtawa wa hekalu la jirani.

Ekai alifukua udongo kwa kidole, akanusa, akajifuta haraka. "Dada, hii unaiita nini?" alinong'ona.

"Kuvu."

"Kuvu gani yenye meno?"

Kiganjani mwake kulikuwa na jino dogo, jeusi kwa moto.

"Haya ni majivu ya mtu," alisema. "Wenyewe walimzika humu chunguni. Sasa umempa mizizi ya kunywea."

"Anataka nini kwa baba yangu?"

"Aliyeungua anataka nini zaidi ya maji? Mti umemzoea mzee, na marehemu anapitia humo humo kumnywa. Ioshe mizizi mpaka ibaki mitupu. Udongo na chungu nitavizika kwa dua."

"Msonobari ukioshwa hivyo unakufa!"

"Basi chagua, dada."

"Usithubutu!" Mzee alikuwa amejikokota hadi dirishani. "Fusae! Niache mimi nikauke. Mimi nimeshakula chumvi nyingi, huo mti bado una miaka mingi mbele!"

"Nisamehe, Baba."

Aliuosha huku akilia, mpaka mizizi ikabaki uchi kama vidole. Ekai akaondoka na chungu na kila chembe ya udongo.

Jioni ile mzee alikunywa kikombe kimoja, kikamtosha. Akamtukana binti yake mjinga, muuaji, mtoto asiye na shukrani, na Fusae akayapokea matusi yale kwa furaha, kwani yalitoka kwenye midomo yenye mate. Wote wawili walilala usingizi mzito.

Asubuhi alichukua ndoo akatoka kumwagilia. Mlangoni akasimama.

Misonobari yote, safu kwa safu, ilikuwa imeipa njia kisogo. Nyuso zote zilielekea dirisha la baba. Alikumbuka viganja vile, kimoja kimoja, na ndoo ikamponyoka.

Maji yaliyomwagika yakanywewa na ardhi papo hapo.

"Fusae," baba aliita kutoka ndani, kwa sauti kavu. "Mwanangu, maji."