Nyumba ya Shosho Haiuzwi

Kaa hapo unisikize. Hii ilimpata beshte yangu Gathoni, huko Mutuini. Shosho, nyanya yake, akikufa, wosia ilisema anko Kiarie asimamie nyumba ya familia. Kiarie akapiga madirisha mabati, akafunga kufuli, akaanza kuleta wanunuzi. Gathoni akaenda mchana na rangi nyekundu, akaandika kwa ukuta: NYUMBA HAIUZWI.

Kiarie akamkuta hapo. "Futa hiyo kitu."

"Sifuti, anko. Ita polisi."

Hapo wakasikia brashi ndani, swaa, swaa. Kiarie akafungua kufuli. Giza, hakuna mtu. Lakini ukuta ya sebule imeandikwa NYUMBA HAIUZWI, mwandiko wa shosho kabisa, rangi bado inachuruzika.

Gathoni akampatia kitambaa. "Haya anko, futa."

Brashi ikaanza tena, sasa chumba ya shosho.

Wewe ungefuta?