Kufuli la Kagure

Faili la kompyuta linalopanga saa za mlango kufunguka lilikuwa limefungwa na Kagure wa ofisi ya kompyuta, na Kagure alikuwa Timau akimzika shangazi yake. Bila faili hilo mlango wa chuma haufunguki.

Jumamosi, saa saba mchana.

Walikaa wanne nyuma ya bucha moja mjini Nyeri. Moffat alikuwa mkubwa wao. Ngatia alibeba bunduki. Murugi, mwanamke asiyecheka, alikuwa dereva. Wa nne, Jamleck, alitunza kompyuta za kampuni moja ya majani chai, ambako pesa za bonasi ya wakulima zililala katika chumba kisicho na tundu la hewa, nyuma ya mlango unaotii kompyuta. Aliingia kwenye kazi hii kwa tamaa, hakusukumwa na mtu.

Aliwaeleza. Programu zote za kampuni zinakaa kwenye hazina moja ndani ya mashine. Anayetaka kubadilisha faili hulifunga kwanza kwa jina lake, mwingine asiliharibu. Kufuli la mtu linaweza kuvunjwa, lakini mashine ina skripti mbili, programu ndogo zinazojiendesha zenyewe. Ya kwanza huamka kabla kufuli halijavunjwa na kuuliza wewe ni nani. Jina la Jamleck inalikubali. Ya pili huamka likishavunjwa. Inachapa ilani kwenye printa ya getini, na askari lazima aende kuangalia. Jamleck angeiondoa hiyo ya pili kwanza, ndipo avunje.

"Na huyo askari?" Ngatia aliuliza.

"Hatajua kitu. Hakuna haja ya kupiga mtu."

Hakuwaambia kwamba askari wa Jumapili alikuwa Mwaniki, ndugu yake wa tumbo moja. Kwa Moffat, askari anayemjua mmoja wao hufa kwanza. Jamleck alitaka Mwaniki asiguswe, basi. Jioni alimfuata getini akamsihi ajifanye mgonjwa, aende kwao Mukurweini. Mwaniki alimcheka, ati mtu mzima aogope Jumapili. Murugi alikuwa amepita kukagua barabara. Aliwaona.

Jumapili, saa nne asubuhi.

Mji ulikuwa kanisani. Waliingia ofisi za kampuni kwa dirisha la nyuma, Murugi akabaki kwenye pikapu. Jamleck alikaa mbele ya kompyuta, akaanza kuiondoa skripti ya pili. Bastola ya Moffat ikamgusa shingo.

"Wacha hiyo. Vunja lock."

"Mkubwa, nikivunja kama iko hapo, karatasi itatoka kwa geti."

"Ama hiyo ndio unaweka ya kuita polisi? Jana mlikuwa mnaongea nini na askari?"

Jamleck aliondoa mikono kwenye kompyuta.

"Ni ndugu yangu. Nilikuwa namwambia asikuje."

"Hiyo ungesema jana."

Ngatia alishusha kitako cha bunduki kwenye mkono wa kushoto wa Jamleck. Vidole vikalia kama vijiti vikavu.

"Vunja."

Alivunja kwa mkono mmoja. Akabadilisha saa. Mlango wa chuma ukafunguka. Kule getini printa ikaanza kukwaruza.

Mwaniki alikuja mbio na upinde wake wa lindo. Aliona bunduki, akaachilia mshale. Ukamwingia Ngatia kooni. Moffat alimpiga Mwaniki risasi tatu, mbili tumboni, moja kifuani.

"Jam," Mwaniki alisema kutoka sakafuni. "Ni wewe?"

Hakungoja jibu.

Moffat aliruka damu, akaingia ndani na magunia, akimfokea Jamleck amfuate. Jamleck hakuinuka. Aliandika saa mpya: kesho, saa mbili asubuhi. Mlango ukajifunga. Akalifunga faili kwa jina lake. Kisha akaifungua skripti ya kwanza, akafuta majina yote inayoyakubali, lake pia.

Moffat alipiga risasi kwenye chuma. Baadaye alipiga kwa ngumi. Nje, Murugi alikuwa ameshaondoa gari.

Polisi, walioitwa na milio ya risasi, walimwamuru Jamleck afungue. Walimpiga mpaka meno yakatoka, hakusema neno. Jioni Kagure aliletwa kutoka Timau na nguo zake za matanga, akajaribu. Mashine ikamkataa. Kufikia wakati huo ngumi zilikuwa zimenyamaza.

Ngatia alikufa kwa mshale mmoja. Moffat alikufa kwa kukosa hewa. Murugi alikamatwa Karatina, akapigwa risasi akiwa amelala kifudifudi. Jamleck alipoteza vidole vinne, kisha akahukumiwa kunyongwa. Bonasi haikuguswa.

Mama yao Mukurweini alikuwa na wana wawili. Alizika mmoja, akaambiwa angoje wa pili.