Picha ya Chumbani kwa Bibi

Kila alipotoka shule, Kitinda alipitia studio ya shangazi yake kufagia na kupangusa kamera. Nyumbani walimwita hivyo kwa kuwa ndiye aliyezaliwa mwisho. Siku hiyo shangazi alikuwa na foleni ya wateja, akamkabidhi kamera moja aende nayo nyumbani. Dada mkubwa alikuwa akisafiri saa kumi alasiri kwenda kusomea uuguzi kwa miaka mitatu, na alitaka picha moja tu ya familia, bibi akiwa katikati. Shangazi angemtumia baadaye kwa simu.

Bibi alikuwa ametoka kupasuliwa jicho, na lile jingine halikuwa likiona vizuri. Daktari alikataza mwanga mkali, kwa hiyo mapazia ya chumba chake yalifungwa na taa ya kamera haikuruhusiwa kuwashwa. Shangazi alikuwa amesisitiza: penye giza kamera huchelewa kufumba jicho, basi iwekwe juu ya kitu kilichotulia, na watu wasitikisike.

Kitinda akavuta kigoda. Kaka yake akacheka.

"Mpiga picha gani huyu wa kuegemea kigoda? Au mikono imeota kutu?"

Haya zikamshika. Akakiacha kigoda, akainua kamera kwa mikono, akabonyeza. Kwenye kioo kidogo cha kamera nyuso zilionekana safi.

"Imetoka vizuri, mjukuu wangu?" bibi aliuliza, bendeji ikiwa jichoni.

"Imetoka, bibi."

Watu wakatawanyika. Kitinda akaketi barazani, akaikuza picha ile. Nyuso zote zilikuwa zimevurugika kama michoro ya chaki iliyofutwa kwa kiganja. Uso wa bibi haukuwa na macho wala mdomo.

Taksi ikapiga honi nje. Kaka akapita na begi la kwanza. Kitinda angeweza kunyamaza. Dada angegundua akiwa mbali, na lawama ingeangukia kamera. Lakini bibi hakuiona picha ile kabisa. Alichokuwa nacho ni neno la Kitinda tu.

Akarudi chumbani.

"Bibi, nimekudanganya. Sikuikagua picha. Imeharibika, na kosa ni langu."

Mama akatazama saa. Honi ikalia tena. Dada akautua mkoba wake, akamtuma kaka amwombe dereva dakika tano.

Safari hii kigoda kilipanda juu ya meza, na kamera ikakaa juu ya kigoda. Mkono wa bibi ulikuwa na kawaida ya kutetemeka; dada akaufunika kwa mikono yake miwili. Kitinda akawaomba wote wazuie pumzi. Kamera ikalia taratibu.

"Imetoka?" bibi akauliza.

Kitinda aliikuza picha kwanza, akapita uso mmoja baada ya mwingine.

"Imetoka, bibi. Wote mko wazi. Kaka tu ndiye kafumba macho."

"Niacheni hivyo hivyo," kaka akasema. "Nimejitakia."

Walicheka huku dada akiaga, mmoja mmoja. Taksi ilipoondoka, bibi alimvuta Kitinda karibu.

"Siku hizi naona kwa macho yako, mwanangu. Ukikosea, niambie mapema, tutarekebisha pamoja. Ukinificha, utakuwa umeniongezea giza."