Kidonge cha Chini ya Ulimi

Ukitaka kumpata Mawazo asubuhi, usiende kwake. Nenda Kajaga, ufukweni mwa ziwa, pale mitumbwi inapofikia. Hapo ananunua ndagala, wale samaki wadogo, zikiwa bado zinang'aa. Anabishana na wavuvi, anacheka, anabishana tena. Jua likipanda yuko sokoni. Jioni yuko nyumbani Buterere, anasonga bugali.

Mume wake, Bahizire, alibeba magunia bandarini tangu ujana. Pamba, kahawa, saruji, vyote vimepita juu ya shingo yake. Wakati wa Wabeleji alimwambia mkubwa wa kazi kwamba kifua kinambana. Mkubwa akasema, "Mvivu huyo," akamwongezea gunia. Mkubwa yule alirudi kwao na pensheni yake. Bahizire alibaki na kifua chake.

Sasa ulikuwa mwaka wa sita wa uhuru. Bahizire alikuwa kapita, anasimamia wabebaji, habebi tena. Lakini kifua hakikusahau. Akitembea haraka, akipanda mlima, au akikasirika, kitu kizito kilimkalia katikati ya kifua, kikashuka kwenye mkono wa kushoto. Akipumzika, kiliondoka taratibu.

Daktari mmoja wa dispensari alimpima. Akampa vidonge vidogo sana, ndani ya kichupa cha kahawia. Dawa hiyo inaitwa trinitrini. Daktari akaeleza kwa Kifaransa, haraka haraka, macho yake yako tayari kwa mgonjwa mwingine. Bahizire akaitika, "Oui, docteur," akatoka hajaelewa kitu. Ndivyo wanavyotufanya. Dawa wanatupa, maelezo wanabaki nayo.

Lakini mwezi ule nyumba ilikuwa na furaha. Marcellin, mtoto wao wa kwanza, alikuwa amepata mchumba. Jina lake Scholastique. Baba yake, mzee Namegabe, alifuga ng'ombe juu kabisa ya kilima, mashariki ya mji. Gari halifiki kule. Jumamosi familia ingepanda kwa miguu kupeleka ng'ombe na kuomba mke. Na kwa watu wa Bushi, kama hawa ambao asili yao ni ng'ambo ya mto Ruzizi, neno la kuomba linatoka katika kinywa cha baba wa kijana. Baba asipofika, ndugu yake anasema badala yake.

Ndugu yake alikuwa Birindwa. Hapo ndipo penye taabu.

Jumatano jioni Bahizire alikuwa uani, anajaribu hotuba yake.

"Hatukuja kuomba moto. Hatukuja kuomba chumvi. Tumeona ua katika nyumba hii..."

"Apana, kaka," akasema Birindwa. "Uanze na babu yetu, vile alivuka Ruzizi."

"Babu alivuka akikimbia fimbo ya Wabeleji. Hiyo ni hadithi ya harusi?"

"Mi ningeanza hapo. Kisha ningefika kwa Adamu na Hawa."

"Ukifika kwa Hawa, Scholastique atakuwa amezeeka!" Mawazo akasema kutoka jikoni. Wote wakacheka.

Bahizire, katika furaha ile, akainua mtungi mzima wa kasiksi, pombe ya ndizi, auingize ndani. Hakufika mlangoni. Aliuweka chini, akashika kifua. Uso ukawa wa majivu. Jasho likamtoka.

Mawazo akakimbia. Pindo la kitenge chake ndilo sanduku lake. Kila kitu cha thamani hufungwa pale, karibu na mwili, mahali mwizi hafiki. Akafungua fundo, akatoa kidonge kimoja. Kilikuwa laini, kimeanza kumomonyoka, kinanuka ndagala. Bahizire akakimeza na chai.

Wakangoja. Kidonge hakikufanya kitu. Bahizire alikaa ameegemea ukuta muda mrefu, mpaka maumivu yakachoka yenyewe.

"Nilisema mimi," Birindwa akanong'ona. "Hii dawa ni ya uongo. Jumamosi kaka abaki. Nitasema mimi."

Mawazo akafunga tena fundo la kitenge. Alikuwa na hofu mbili. Moja ni mume wake kuanguka mlimani mbele ya wakwe. Nyingine ni Birindwa kufika salama.

Kesho yake hakwenda Kajaga. Alimpeleka Bahizire kwenye dispensari. Muuguzi wa pale alikuwa Radhia, binti wa mzee Himid muuza vitambaa. Mawazo alinunua vitenge vyake vyote katika duka lao.

"Radhia mwanangu, ile dawa mulitupa imekufa," Mawazo akasema.

"Karibuni, mama. Karibu, mzee. Hebu niione hiyo maiti."

Mawazo akafungua fundo la kitenge, kwa fahari. Radhia akatazama. Akajizuia, akashindwa, akacheka.

"Mama! Na kichupa kiko wapi?"

"Kile kizuri? Nilimupa mama mukwe. Ametia tumbaku yake ya kunusa."

Bahizire naye akaanza kucheka. "Kumbe mama yangu ananusa dawa yangu!"

"Samahani, mama, sikucheki wewe," Radhia akasema, akifuta macho. "Hujafanya ujinga. Ulikitunza kama dhahabu. Lakini hakuna aliyekwambia kwamba dawa hii haipendi joto, hewa, jasho wala mwanga. Inapoteza nguvu. Inataka kukaa ndani ya chupa yake ileile, kifuniko kimekazwa. Usiichanganye na dawa nyingine, wala usiitie kwenye karatasi au pamba. Nyingine nitakupa. Hii tunaitupa."

"Na aliimeza na chai," Mawazo akasema.

"Hilo ni kosa la pili. Mzee, we ulikuwa bandarini. Nisikilize. Moyo ni mbebaji. Mchana na usiku anabeba, hana siku ya kupumzika. Chakula chake ni damu. Mishipa inayomletea chakula, kwako imekuwa myembamba. Ukipanda mlima, moyo unataka chakula zaidi, njia haitoshi, moyo unalia. Ule mbano ndio kilio chake."

"Haukuwa uvivu," Bahizire akasema polepole.

"Nani alisema uvivu?"

"Mutu mumoja. Zamani."

"Alikudanganya. Sasa, trinitrini inapanua mishipa. Mishipa ikipanuka, mzigo wa moyo unapungua, na damu inaufikia. Lakini ukikimeza kidonge, tumbo na ini vinaivunja dawa kabla haijafika. Kiweke chini ya ulimi, kiyeyuke chenyewe. Pale kinaingia katika damu mara moja. Ukae chini kwanza, maana kinaweza kukuletea kizunguzungu. Kichwa kitagonga, uso utapata moto. Usiogope. Ni mishipa inafunguka."

"Na maumivu yasipoondoka?"

"Baada ya dakika tano, weka cha pili, na mtu aanze kutafuta gari. Dakika tano tena, cha tatu. Usizidishe. Yakiendelea, hospitali mbio. Usilale ukisema yatapita."

Mawazo akauliza kile kilichomlaza macho. "Na Jumamosi? Kuna mulima."

"Mlima tutamuuliza daktari. Ila jueni hili. Dawa hii si ya kuzima moto tu. Kama unajua mlima utakubana, unakaa chini, unaweka kimoja kabla ya kupanda. Unaukinga moyo kabla haujalia."

"Na kasiksi?" Bahizire akauliza kwa sauti ndogo.

"Kasiksi na dawa hii haziishi nyumba moja, mzee. Utaanguka, watu waseme umelewa mbele ya wakwe."

Daktari wa dispensari akampima Bahizire. Safari hii Radhia alisimama pale, akatafsiri kila neno. Daktari akakubali apande, polepole, bila mzigo, na akihisi mbano asimame palepale.

Jumamosi waliondoka kwa nyimbo. Marcellin aliongoza ng'ombe wawili. Birindwa alivaa koti refu kuliko yeye. Kichupa kipya kilikuwa katika mfuko wa nje wa koti la Bahizire, mbali na joto la mwili.

Chini ya kilima Bahizire akakaa juu ya jiwe. Akaweka kidonge chini ya ulimi. Kikamwasha kidogo.

"Kichwa kinapiga ngoma," akasema baadaye.

"Vizuri! Tumepata ngoma bila kulipa," Mawazo akajibu.

Wakapanda. Katikati ya njia Mawazo aliona mume wake amenyamaza. Zamani angeficha, angekaza meno kama yuko chini ya gunia. Safari hii aliinua mkono.

"Simameni. Kinaanza."

Akakaa. Kidonge kingine kikaingia chini ya ulimi. Birindwa akakohoa, akanyoosha koti, akaanza kunong'ona, "Babu yetu alivuka Ruzizi..." Wanawake wakaimba kwa sauti kubwa wasimsikie. Mawazo aliimba huku anatazama uso wa mume wake. Majivu yaliondoka. Rangi ikarudi. Wakangoja kidogo zaidi, hawakuwa na haraka.

"Kimeniachia," Bahizire akasema. "Twende. Birindwa, nyamaza, babu amefika ng'ambo."

Uani kwa Namegabe, Bahizire alisimama kwa miguu yake. Alisema maneno yake yote, ya moto na ya chumvi na ya ua. Namegabe akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mutu anayepanda polepole hivi, hakuja kuchezea mutoto wangu. Ua ni lenu."

Mawazo alipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakashtuka. Watu wakacheza. Bahizire akapewa kasiksi, akaigusa kwa midomo kwa heshima, akampa Birindwa, ambaye alipata kazi iliyomfaa.

Baadaye Namegabe akasogea karibu na Bahizire na Mawazo. Akatazama kushoto na kulia.

"Mukwe," akasema, "ule mubano wa katikati ya kifua. Mi pia unanishika nikifuata ng'ombe. Nilidhani ni uzee. Nipe kidonge kimoja."

Bahizire akafunika mfuko wa koti kwa mkono.

"Apana, mukwe. Sijui kama ugonjwa wako ni wangu. Muganga wa dispensari akupime kwanza. Jumatatu nitakupeleka mimi mwenyewe kwa Radhia."

"Hata kimoja? Na nimekupa mutoto wangu!"

"Na mi nimekupa ng'ombe," Bahizire akasema. "Kidonge sikupi."

Mawazo akacheka mpaka akaketi chini. Na Jumatatu wazee wawili walikwenda dispensari pamoja, wakibishana njia nzima.