Seva ya Lanyero na Sauti ya Bi Ruqayya

Lanyero alikuwa akifika nyumbani saa kumi na nusu, miguu imechoshwa na mlima wa Makindye, soksi zimebadilika rangi kwa vumbi. Kazi zake zilikuwa zilezile kila siku. Alivua sare, akafua soksi, akajaza madumu mawili kwenye bomba la uani, kisha akabandika maharage ili mama yake akute yameiva. Mama yake, Joska, alikuwa mlinzi kwenye lango la ofisi moja kule Nakasero. Alisimama kutwa nzima akiandika majina ya wageni, na jioni alirudi hana nguvu hata ya kufungua kamba za buti.

Maji yakiwa yanajaa, sauti ya Bi Ruqayya ilisikika kutoka chumba cha tatu. "Paka amelala juu ya gunia. Haya, someni nanyi," ilisema taratibu, kisha ikakohoa, kisha ikamkaripia kuku aliyeingia jikoni.

Bi Ruqayya alikuwa amefariki miezi minne iliyopita. Miaka mingi aliwafundisha watoto wa ua ule kusoma Kiswahili, Waislamu na Wakristo mkeka mmoja, na Lanyero alikuwa mmoja wao. Ugonjwa ulipomkataza kukaa, alianza kujirekodi kwa simu akiwa kitandani. Mume wake, Mwalimu Yasiin wa madrasa, aliyahifadhi masomo hayo kwenye kompyuta yake ndogo. Yalikuwa hamsini na mawili. Kila siku baada ya sala ya alasiri mzee alisikiliza moja huku akipanga madaftari ya wanafunzi. Hakuwa akilia. Alisikiliza tu, akimaliza akafunga kompyuta na kwenda zake.

"Lanyero, maji yanamwagika," alisema siku hiyo bila kugeuka. "Au unaanza kusoma upya?"

"Namsikiliza kuku, Mwalimu."

"Kuku yule tulimla Idi."

Wapangaji wanne wa ua ule walitumia intaneti moja, na ruta, kisanduku kinachoigawa, ilitundikwa ukutani kwa Mwalimu. Lakini aliyejua neno lake la siri alikuwa Lanyero. "Macho yangu hayasomi herufi ndogo," mzee alimwambia. "Wewe shika ufunguo." Tena kompyuta ya mzee na ya Lanyero zilikuwa zimeunganishwa. Bi Ruqayya mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, ili watoto wakijaa chumbani kwa Lanyero wayasikie masomo kutoka huko. Kompyuta ya Lanyero ilikuwa kuukuu, ofisi ilimpa Joska ilipobadilisha mashine zake.

Basi mwezi uliopita, rafiki yake Vera alileta wazo. Walikuwa wanafunzi sita wa darasa la saba wanaopenda mchezo mmoja wa kujenga miji, na kila mtu alicheza peke yake kwao. Ili wacheze pamoja, kompyuta moja ilipaswa kuwa seva, yaani mwenyeji anayewakaribisha wengine wote kupitia intaneti.

"Yako," Vera alisema. "Yangu kaka anaizima kila saa."

Lanyero alitafuta video ya maelekezo. Alijifunza kwamba ruta ina milango mingi isiyoonekana kwa macho, na kwa kawaida yote imefungwa kwa watu wa nje. Mchezo ulihitaji mmoja tu. Alijaribu mara tatu, ukakataa. Akachoka, akafungua yote. Kinga ya kompyuta ilipolalamika, akaizima nayo, akajiambia atarekebisha kesho. Kesho ilikuwa na mtihani wa hesabu. Kesho kutwa alisahau.

Mwanzoni walikuja wale sita. Halafu wakaja wageni. Mmoja aliyejiita Mjenzi Mkuu alikuwa mpole sana, aliisifu minara ya Lanyero, hata akamsaidia kujenga daraja. Siku moja alimtumia programu ndogo, akasema itaufanya mchezo uende mbio. Lanyero aliifungua. Mchezo haukwenda mbio hata kidogo.

Jumamosi asubuhi aliwasha kompyuta yake akakuta maandishi mekundu kwenye skrini. Faili zako zimefungwa, yalisema. Lipa, zifunguliwe. Lanyero alichomoa waya ukutani, akaifunika kompyuta kwa leso ya mama yake, akaenda kuchambua mchele. Hakumwambia mtu.

Alasiri ile chumba cha tatu kilikaa kimya. Baadaye Mwalimu Yasiin alitoka uani ameibeba kompyuta yake kwa mikono miwili, wazi, kama sinia.

"Obonyo, mwanangu, hebu tazama. Majina ya masomo yamekuwa herufi za ajabu. Hayafunguki."

Obonyo, kijana wa chumba cha nne, alitengeneza simu na kompyuta kule Kansanga. Wiki iliyotangulia alikuwa ameibadilishia kompyuta hiyo kibodi. Aliinama, akabonyeza hapa na pale.

"Mwalimu, hii imeingiliwa."

"Na nani? Haitoki chumbani. Mkono wa mwisho kuigusa ni wako."

"Mkono wangu ulibadilisha kibodi, mzee wangu."

"Sisemi umefanya kitu. Nasema mkono wa mwisho ni wako."

Maneno hayo yalisemwa kwa upole, lakini kufikia Jumapili yalikuwa yamezunguka ua mzima. Mwenye nyumba alimwambia Obonyo atafute chumba kingine mwezi ukiisha. Wanawake walimjibu salamu kwa mkato. "Leo hata bomba halinisalimii," Obonyo alisema akichota maji, na hakuna aliyecheka. Lanyero alikuwa hatua mbili kutoka pale. Aliinamia sufuria akaisugua mahali palipokuwa pameng'aa tayari.

Jumatatu shuleni alimweleza Vera.

"Nyamaza," Vera alisema. "Nani atajua? Futa mchezo, basi."

"Na Obonyo?"

"Obonyo mtu mzima. Atajitetea."

Lanyero alitaka sana kuamini hivyo. Alirudi nyumbani na maneno ya Vera kichwani, akafua soksi, akabandika maharage. Siku hiyo Joska alirudi mapema kidogo. Alikuwa ameketi kizingitini akivua buti, Mwalimu Yasiin alipokuja na flashi ndogo nyeusi mkononi.

"Nimeikumbuka leo wakati wa sala," mzee alisema. "Kabla ya arobaini niliweka humu masomo kumi na moja ya mwisho, nimpelekee dada yake Jinja. Sikuwahi kwenda. Ndiyo ya zile wiki zake za mwisho, Lanyero. Kwenye mashine yangu naogopa kuichomeka. Yako nzima. Chomeka, tusikie kama bado yumo."

Alinyoosha mkono. Lanyero aliitazama flashi, akaitazama leso iliyofunika kompyuta. Alijua kitakachotokea. Akiichomeka tu, yale kumi na moja yatafungwa kama mengine, na Bi Ruqayya hatasikika tena popote.

Uongo mdogo ulikuwa tayari mdomoni. Angeweza kusema kompyuta imeharibika, na flashi ingepona. Mzee angeipeleka kwingine. Lakini Obonyo angebaki na mzigo wake, na kesho ungetakiwa uongo mwingine wa kuulinda wa leo. Lanyero alikuwa amechoka. Siku tatu hizo zilimchosha kuliko madumu yote aliyowahi kubeba.

"Usinipe, Mwalimu," alisema. "Kompyuta yangu ndiyo iliyoambukiza yako. Nilifungua ruta kwa ajili ya mchezo. Nilifungua yote, na mtu akaingia."

Mwalimu Yasiin aliketi juu ya dumu lililokuwa karibu. Joska aliacha buti moja mguuni.

"Umejua tangu lini?" mzee aliuliza.

"Jumamosi asubuhi."

"Na Obonyo je?"

"Nilimwacha abebe lawama."

Mzee aliigeuza flashi kiganjani mara kadhaa, kisha akaitia mfukoni polepole. "Nilimwambia mkono wa mwisho ni wake," alisema, kama anayezungumza na nafsi yake. "Nina jambo la kumwomba na mimi."

"Nenda kamwite," Joska akamwambia binti yake. "Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Obonyo alikuja, akasikiliza akiwa amesimama. Lanyero akamweleza yote.

"Siku tatu," alisema Obonyo. "Siku tatu mmenitazama kama panya aliyeonekana ghalani."

"Nisamehe, kaka Obonyo."

"Nisamehe na mimi, mwanangu," Mwalimu alisema.

"Nitasamehe. Kwanza nionyesheni hiyo ruta. Nikiwa na hasira nafanya kazi vizuri."

Alichomoa ruta, akaanza upya kila kitu. Alifunga milango yote, akaweka neno la siri jipya, akazitenganisha kompyuta mbili. Ya Lanyero aliifuta ikabaki tupu kama siku ilipotoka kiwandani. Huku akifanya kazi alieleza. Mjenzi Mkuu hakuwa na shida na minara ya mtu. Watu wa namna hiyo huzunguka intaneti wakijaribu kila mlango, na wakipata uliolegea huingia. Programu ile ndiyo ilikuwa mguu wake wa kwanza ndani. Kutoka kompyuta ya mchezo alivuka hadi kwa Mwalimu kwa njia ileile waliyopitia watoto kusikiliza masomo.

"Tukilipa?" Mwalimu aliuliza.

"Aliyeweka kufuli ni mwizi, mzee wangu. Utamlipa mwizi, kisha utamngoja akumbuke kuwa mwaminifu?"

Halafu Obonyo aliichukua flashi, akaijaribu kwenye kompyuta yake mwenyewe isiyounganishwa na kitu chochote. Sauti ikatoka, dhaifu, ikitaja irabu tano. Mwalimu Yasiin aliinuka akatoka nje, akakaa huko hadi somo lilipoisha.

Kumi na moja yalipona. Arobaini na moja yalikuwa yamefungwa, na Obonyo alisema wazi kwamba hayatafunguka. Ndipo Joska alipokumbuka kwamba Bi Ruqayya alikuwa akiwatumia wazazi baadhi ya masomo kwa simu, mtoto akikosa kuhudhuria.

"Wazazi gani?" Lanyero aliuliza.

"Sijui. Una miguu, kaulize."

Kwa wiki mbili Lanyero alimaliza kazi za nyumbani, kisha akazunguka. Alipanda na kushuka vichochoro vya Makindye, akafika Kansanga, akasimama kwenye milango ya watu waliokuwa wakipika chakula cha jioni. Kila mahali ilimbidi aeleze kwa nini anatafuta, na kila mahali alieleza ukweli wote, kwa sababu nusu yake ingemrudisha kulekule. Wengine walikuwa wameshafuta. Wengine walikuwa wamebadilisha simu. Mama mmoja aitwaye Alanyo, muuza mboga, alikuwa na masomo sita kwenye simu iliyopasuka kioo.

"Kesho ningemwuzia fundi aitoe vipuri," alisema Alanyo. "Una bahati, binti. Au yeye Ruqayya ndiye mwenye bahati."

Obonyo alikagua kila kilicholetwa kabla ya kukihifadhi. Mwishowe yalipatikana ishirini na saba. Pamoja na yale ya flashi, yakawa thelathini na manane. Safari hii nakala zilikuwa tatu: moja kwa Mwalimu, moja kwa shemeji yake Jinja, na moja kwenye droo ya Obonyo, ambaye mwenye nyumba alimwomba radhi akabaki chumbani kwake. Masomo kumi na manne hayakupatikana popote. Ni yale ambayo Bi Ruqayya hakumtumia mtu, kwa kuwa alikohoa sana akiyasoma akaona haya.

Mwalimu aliendelea kuyasikiliza kwa mpangilio uleule, la kwanza hadi la hamsini na mbili. Zamu ya lililopotea ikifika, hakuweka jingine mahali pake. Alikaa na madaftari yake kimya hadi muda wa somo upite.

Jumapili moja ilikuwa siku ya namna hiyo. Joska alikuwa mapumzikoni, ametia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Lanyero aliketi karibu naye, akasikiliza ule ukimya wa chumba cha tatu.

"Mama, sitafungua seva tena maishani."

"Nani amekwambia usifungue?"

Lanyero alimtazama.

"Kazi yangu ni kufungua lango," Joska alisema. "Ofisi isiyofungua lango haina kazi. Ruqayya alipofariki, lango letu hili halikufungwa siku nne. Waliingia watu mia na zaidi, na hakikupotea hata kikombe. Kwa sababu Obonyo na wenzake walikaa pale wakipokezana, wakamjua kila aliyeingia. Wewe ulifungua, ukaenda kulala. Ukitaka kucheza na wenzako, mwite Obonyo akuonyeshe. Fungua mlango mmoja tu, kwa watu unaowajua. Usipokee zawadi ya usiyemjua. Ukimaliza, funga. Na vitu vya thamani usiviweke chumba kimoja na wageni."

"Ndiyo, mama."

"Hilo ni la kompyuta. Lingine ni lako." Joska alitoa mguu mmoja kwenye maji, akautazama kisigino. "Kukosea ulikosea kama mtoto. Kunyamaza ulinyamaza kama mtu mzima mwenye hila, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Ungesema Jumamosi, Obonyo asingeitwa mwizi hata saa moja. Ungenyamaza hadi Jumanne, yale kumi na moja yasingekuwepo, na simu ya Alanyo ingekuwa vipuri. Ukweli una saa zake, mwanangu. Ukichelewa nao unafika umepungua."

Lanyero aliinamisha kichwa. Kule chumba cha tatu Mwalimu alikohoa kidogo, akasogeza kiti, akaanza kufunga madaftari yake.

"Haya, niletee taulo," Joska alisema. "Kesho niko langoni alfajiri."